Bumba, Pemba na Mbuga: Historia Fupi ya Majina ya Udongo

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya istilahi, nililetewa kijitabu kilichohusu ujenzi wa nyumba bora vijijini ili nikihakiki kabla hakijapigwa chapa. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba haifai kujenga nyumba juu ya udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa udongo huo huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Sarufi ya sentensi hiyo haikuwa na kasoro, nami nikaipitisha. Kijitabu kilikuwa kimekwisha kusambazwa ndipo afisa ugani mmoja alipotuandikia barua. Alieleza kwamba katika kijiji anachokihudumia watu kadhaa waliokisoma waliviacha viwanja vilivyopimwa karibu na machimbo ya akina mama wafinyanzi, wakaenda kujenga kwenye mbuga nyeusi iliyo jirani. Hoja yao ilikuwa ya busara kabisa: huko mbugani hakuna mfinyanzi aliyepata kuchimba udongo. Mwaka haukwisha kabla ya nyumba tatu kupasuka kuta.

Kosa hilo lilikuwa langu kama lilivyokuwa la mfasiri. Wanakijiji walilisoma neno kwa maana yake ya kweli. Sisi tulikuwa tumelitumia kwa maana ya kamusi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kosa la namna hiyo linavyozaliwa, na kuonyesha kwamba Kiswahili na lugha ndugu zake zilikwisha kuyatenganisha mambo ambayo sisi maofisini tunayachanganya. Ili jambo hili lieleweke, hapana budi tuangalie kwanza udongo wenyewe, kisha tuyafuate majina yake.

Neno moja, maana tatu

Vitabu vya kigeni tunavyovifasiri hutumia neno moja kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Kwa bwana shamba, neno hilo hutaja ukubwa wa chembe: chembe yoyote ya udongo ambayo upana wake haufiki milimita 0.002 huhesabiwa katika kundi hilo, hata iwe ya madini gani. Kwa mtaalamu wa miamba, neno hilo hilo hutaja jamii ya madini, kama vile kaolini na smektaiti, ambayo yameundwa kwa matabaka membamba sana yaliyopangana mithili ya kurasa za kitabu. Kwa mfinyanzi na mfyatua matofali, hutaja malighafi, yaani udongo unaokubali umbo ukiwa na maji, unaolishika umbo hilo ukikauka, na unaogeuka kuwa mgumu daima ukichomwa.

Katika vitabu vyetu vya shule maana zote hizi tatu zimebebeshwa jina moja, udongo wa mfinyanzi, ambalo siku hizi aghalabu hufupishwa kuwa udongo mfinyanzi. Inafaa kutazama kilichotokea hapo. Mfinyanzi ni mtu. Ni jina la mtendaji litokanalo na kitenzi finyanga. Jina lenye kiungo "wa" lilikuwa na maana iliyo wazi: udongo anaoutumia mfinyanzi. Kiungo kilipoondolewa, mtu akageuzwa kuwa sifa ya udongo, na swali la kama kweli mfinyanzi anautumia udongo huo halikuulizwa tena. Ndivyo tulivyofika mahali pa kuuita "mfinyanzi" udongo ambao mfinyanzi hataki hata kuugusa.

Jinsi udongo unavyozaliwa

Udongo wa namna hii hutokana na kuoza kwa miamba. Sehemu kubwa ya katikati ya Tanzania, tangu Usukuma na Unyamwezi hadi Ugogo, imelala juu ya miamba mikongwe ya granaiti, ambayo umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Ndani ya miamba hiyo mna madini yaitwayo felspa. Maji ya mvua yanapopenya kwenye nyufa kwa maelfu na maelfu ya miaka, felspa hulainika, baadhi ya kemikali zake huchukuliwa na maji, na kinachosalia hujipanga upya kuwa madini ya udongo.

Aina ya udongo utakaopatikana hutegemea sana mwendo wa maji. Palipo na mvua nyingi na mteremko wa kutosha, maji hupita na kuchukua kalisi na magnesi. Hapo huzaliwa kaolini, ambayo ni nyeupe ikiwa safi, na haivimbi sana inapolowa. Palipo bondeni, ambapo maji hujikusanya na kukawia, kemikali zilizochukuliwa kutoka juu hutua na kubaki. Hapo huzaliwa smektaiti, ambayo huyapokea maji katikati ya matabaka yake na kuvimba, kisha husinyaa yanapoondoka. Kwa hiyo mwamba ule ule mmoja waweza kuzaa udongo mwekundu tulivu mlimani na udongo mweusi usiotulia bondeni, pengine kwa umbali wa mwendo wa dakika chache tu.

Aliyelieleza jambo hili kwa ulimwengu wa sayansi ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni usomwe pamoja kama mnyororo, na kwa hiyo akauita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo. Mwaka 1936 ilitolewa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotayarishwa chini ya uongozi wake. Mnyororo wa Milne hufundishwa hadi leo katika vyuo vikuu duniani. Lakini Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla yake: waliuita luseni udongo wa kichanga wa juu, itogolo wa chini yake, na mbuga ule mweusi wa bondeni. Mkulima aliyajua majina hayo kwa kuwa kila jina lilimwambia apande nini na wapi.

Bumba

Tuanze na udongo wa kufinyangia. Wachunguzi wa lugha za Kibantu wanakubaliana kwamba lugha mama ya lugha hizi ilikuwa na kitenzi -bumb-, chenye maana ya kuunda kitu kwa udongo. Katika Kinyarwanda na Kirundi udongo wa kufinyangia huitwa ibumba hadi leo, na mfinyanzi huitwa umubumbyi. Katika Kiganda udongo huo ni ebbumba, na mfinyanzi ni omubumbi. Hivyo jina la udongo, jina la kazi na jina la fundi yote yamefungwa katika shina moja.

Kiswahili nacho kilikirithi kitenzi hicho, ila kwa kawaida ya lugha yetu sauti ya b ya mwanzo ilipotea, kama ilivyopotea katika ona, ambalo kwa Kinyarwanda ni bona. Kitenzi kikawa umba. Kutokana nacho tumepata umbo, maumbile, kiumbe na Muumba. Maana yake ikapanda daraja kutoka mikononi mwa mfinyanzi hadi kwa Mwenyezi Mungu, na kazi ya vyungu ikaachiwa kitenzi kingine, finyanga. Jina bumba lenyewe halikufa. Limebaki katika Kiswahili kwa maana ya donge au fungu la vitu vilivyoshikamana, kama tusemapo bumba la nyuki.

Ukongwe wa shina hili haushangazi. Vigae vya vyungu vya aina ya Urewe, vilivyopatikana kandokando ya Ziwa Viktoria, Buhaya, Rwanda na Burundi, vilianza kufinyangwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Vile vya aina ya Kwale, katika pwani ya Kenya na kaskazini-mashariki ya Tanzania, ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Watu waliovifinyanga walijua kuchagua udongo. Fundi hutafuta udongo usio na smektaiti nyingi, ingawa hauiti kwa jina hilo, kwa kuwa chungu cha udongo unaosinyaa sana hupasuka kabla hakijafika motoni. Udongo ukiwa na unamo kupita kiasi, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa ili kuupunguzia mnyweo. Akina mama wa Kikisi walioko kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, wanaendelea na ujuzi wa namna hii. Udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo, si kila udongo unaonata. Ni udongo uliochaguliwa.

Pemba

Udongo mweupe una historia yake. Katika Kikongo huitwa mpemba, na katika Kibemba cha Zambia impemba. Katika sehemu nyingi umetumika kupaka mwili katika miviga na kupaka kuta. Nchini Tanzania neno pemba husikika sokoni, ambako hutaja vijiti vya udongo vinavyoliwa hasa na akina mama wajawazito.

Hazina kubwa ya udongo mweupe nchini imo katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, si mbali na Dar es Salaam. Huko kaolini haikuozea mahali pake, bali imeshikamana na mawe ya mchanga yaliyolazwa na mito katika zama ambazo wataalamu huziita Miosini. Mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa zamani yamekuwa makao ya popo kwa maelfu. Kaolini nyingine hupatikana Malangali na Matamba, katika nyanda za juu za kusini.

Neno kaolini lenyewe lina somo kwa mwanaistilahi. Asili yake ni Gaoling, yaani kilima kirefu, mahali palipo karibu na mji wa Jingdezhen nchini China, ambako udongo wa vyombo vya kauri ulichimbwa. Padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliliandika jina hilo katika barua yake ya mwaka 1712, na Ulaya nzima ikalipokea. Jina la kilima cha kijijini likawa istilahi ya dunia, kwa sababu tu mgeni aliwauliza wafanyakazi wanakiitaje wanachokichimba, naye akaandika alichojibiwa.

Je, basi, tuite kaolini pemba? Nilipata kuwa na maoni hayo, lakini nimeyaacha. Pemba ya sokoni haiwi kaolini kila mara. Uchunguzi uliofanywa katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta ndani ya vijiti hivyo madini yenye sumu, ikiwamo aseniki. Tukiyapa madini ya kiwandani jina la kitu kinacholiwa, au tukikipa kitu kinacholiwa heshima ya istilahi ya madini safi, tutakuwa tumemtega mama mjamzito kwa kalamu zetu. Kaolini na ibaki kuwa madini. Pemba na ibaki kuwa bidhaa ya sokoni, ili mwandishi wa afya aweze kuitaja na kuonya juu yake bila utata.

Mbuga

Neno la tatu ndilo lililotuponza katika kijitabu kile. Kwa msomaji wa leo mbuga ni uwanda wa majani, na hasa mahali pa wanyama. Lakini kwa mkulima wa Shinyanga au Mwanza mbuga ni pia udongo wenyewe: mweusi, mzito, unaonasa jembe wakati wa mvua na kufungua nyufa za kuingia mkono wakati wa jua. Milne na wenzake hawakuwa na neno bora kuliko hilo, wakaliandika lilivyo katika taarifa zao za Kiingereza. Kwa muda mrefu wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilitumia kama istilahi.

Baadaye, mwaka 1960, Wamarekani walipotoa mpango wao mpya wa kuainisha udongo, waliuita udongo wa namna hiyo vertisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa kuwa udongo wa juu huangukia nyufani na ule wa chini husukumwa juu, hata shamba likawa kama linajilima lenyewe. Jina ni zuri, wala sina ugomvi nalo katika vitabu vya chuo kikuu. Lakini kutoka mbuga hadi vertisoli sisi tulilipoteza neno ambalo wageni walikuwa wamelijifunza kwetu. Nchini Kenya udongo huu huitwa kwa jina la Kiingereza lililotoka India, ambako pamba hulimwa juu ya udongo mweusi wa Dekani. Wafasiri wengine wameuita "udongo wa pamba nyeusi", na msomaji hubaki akijiuliza pamba hiyo nyeusi hulimwa wapi. Wajenzi wa Nairobi, mji ulioanza mwaka 1899 kwenye uwanda wenye udongo huo, huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi. Wanaujua kwa gharama.

Majina ya kuazima, na udongo Ulaya

Sisemi kwamba kuazima ni dhambi. Bentonaiti ilipewa jina mwaka 1898 kutokana na matabaka ya mwamba yaitwayo Benton huko Wyoming, Marekani, na montmorilonaiti ilipewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa, mwaka 1847. Majina hayo hayana tafsiri, na kuyatafutia tafsiri ni kupoteza wakati. Hata hivyo ipo mifano ya kinyume. Huko Sinya, kaskazini ya Kilimanjaro katika bonde la Amboseli, hupatikana sepiolaiti, madini mepesi meupe ambayo Wajerumani huyaita povu la bahari. Viwanda vya Arusha vilipoanza kuyachonga kuwa vyombo vya kuvutia tumbaku, vyombo hivyo viliuzwa ng'ambo kwa jina la Kiko. Wavutaji wa Ulaya walilitamka neno letu bila taabu.

Majina pia hubeba hukumu. Katika kamusi za wakati wa ukoloni saruji iliitwa udongo Ulaya. Jina hilo lilikuwa na ukweli, kwa kuwa saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo, vikasagwa na kuchomwa katika joto la nyuzi zipatazo 1450. Lakini jina liliufanya udongo mmoja uwe wa wastaarabu na mwingine wa washamba. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo kilianza kutoa saruji nchini, na udongo Ulaya ukawa unachomwa hapa hapa, dhana haikuondoka. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanaingoja saruji na mabati ilhali wanaweza kuchoma matofali na vigae kwa udongo walio nao, na hakusita kuukejeli mvuto wa huo udongo wa Kizungu. Tofali la kuchoma lilidharauliwa kwa sababu ya jina la malighafi yake kama ilivyokuwa kwa sababu ya bei.

Mapendekezo

Jambo hili sasa lina uzito zaidi. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatenganisha madini ya ujenzi, ambamo umo udongo wa matofali, na madini ya viwandani, ambamo imo kaolini. Ikiwa nyaraka zitaandika "udongo wa mfinyanzi" kotekote, mchimbaji mdogo hatajua aombe leseni gani, na karani hatajua amtoze nini. Kwa hiyo naleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji.

Kwanza, udongo libaki kuwa neno la jumla. Pili, udongo wa mfinyanzi litumike kwa malighafi ya vyungu, matofali na vigae tu, na kiungo "wa" kirudishwe. Mahali panapohitajika neno moja, bumba lifikiriwe. Tatu, udongo mweusi unaovimba uitwe udongo wa mbuga. Nne, kwa ukubwa wa chembe na kwa jamii ya madini tutumie kinamo, neno lenye asili moja na unamo, yaani hali ya kulainika na kukubali umbo. Tuseme chembe za kinamo tunapopima ukubwa, na madini ya kinamo tunapotaja jamii ambamo zimo kaolini, smektaiti na sepiolaiti. Tano, majina ya madini mojamoja yaazimwe na kutoholewa.

Hitimisho

Sentensi ya kijitabu kile ingeandikwa hivi: "Usijenge juu ya udongo wa mbuga." Ni maneno machache kuliko yale tuliyoyachapa, na hakuna mtu kijijini ambaye asingeyaelewa. Mfinyanzi, wahenga walisema, hulia gaeni. Nasi tulikuwa na vyungu vitatu vizima ndani ya nyumba, tukawapakulia wasomaji wetu kwenye kigae.

Toleo jipya la kijitabu hicho linatayarishwa, na sheria zingali zinafasiriwa. Walimu, wafasiri na maafisa walioko mikoani wanajua majina mengi ya udongo kuliko yaliyomo katika majalada yetu. Tunawaomba watuletee majina hayo pamoja na maelezo ya mahali udongo ulipo, rangi yake, na kazi wanayoifanya watu kwa udongo huo. Udongo uwahi ungali maji.